Laptopi ya Windows 10 haijafa: mwongozo kamili kabla hujakimbilia dukani

Mama mmoja mwenye stationery jirani na shule ya msingi aliniletea laptopi yake akiwa ameikumbatia kama mtoto anayepelekwa kliniki. "Fundi, hii wameniambia imeshakufa." Nikaiwasha, ikawaka. Nikafungua barua ya Word, ikafunguka. Nikaichomeka kwenye printa, ikachapa. Kilichomtia hofu ni tangazo lililojaa skrini nzima asubuhi ile, wateja wakiwa foleni, likimwambia kwamba Windows 10 imefika mwisho. Jirani yake akamtafsiria kwa neno moja: imekufa.

Mashine yenyewe ni HP EliteBook 840 G3, chuma kigumu, aliyoinunua mtumba mwaka 2022. Wakati huo Windows 11 ilikuwa sokoni tangu Oktoba 2021, na ilishajulikana mashine zipi zitaruhusiwa kuingia na zipi zitabaki nje. Muuzaji hakusema neno. Kwa hiyo hasira za mama huyu nazielewa, na nimeziona kwa wateja wengi tangu hapo. Lakini hasira isikupeleke dukani kabla hujapita hatua hizi, na uzifuate kwa mpangilio huu huu, maana ukianza na ya nne kabla ya pili utakuja kulia.

Kilichokatwa ni nini hasa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa apdeti za bure za usalama kwa Windows 10. Mfumo huo ulitoka tarehe 29 Julai 2015, kwa hiyo kampuni inahesabu miaka kumi na kujiona imetimiza wajibu. Mnunuzi hahesabu hivyo. Yeye anaanzia siku aliyotoa pesa, na kwetu huku, ambako laptopi nyingi zinaingia zikiwa zimeshatumika miaka minne au mitano kwenye ofisi za watu, hesabu hizo mbili hazikutani. Tena mwaka 2015 mfanyakazi mmoja wa Microsoft alisema jukwaani kwamba Windows 10 ndilo toleo la mwisho la Windows. Kauli ile ilizunguka dunia nzima, watu wakaishika.

Kinachouma zaidi ni kwamba mashine nyingi zilizoachwa nje zina nguvu za kutosha. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, inataka Secure Boot (kinga inayozuia programu ngeni kuwaka kabla ya mfumo), na kwa upande wa Intel inataka prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya kizazi cha 8 kwenda juu, zile zilizoanza kutoka mwaka 2017. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria mwishoni mwa 2023 kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 zingeweza kuishia kuwa taka kwa sababu hiyo.

Sasa, ambacho hakijakatwa: mashine itaendelea kuwaka, mafaili yako yapo, intaneti inashika. Kivinjari cha Edge kitaendelea kupata apdeti ndani ya Windows 10 hadi angalau Oktoba 2028, na orodha ya virusi ya Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, nayo hadi Oktoba 2028. Kilichokatwa ni viraka, yaani apdeti za kuziba matundu ya usalama, vya mfumo wenyewe. Ni kama nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba amesema hatengenezi tena vitasa. Mlango unafungwa leo. Siku mwizi akigundua namna ya kuufungua, hakuna atakayekuja kuubadilisha.

Kama unadhani hayo ni maneno ya kutishana, kumbuka kirusi cha WannaCry, Mei 2017. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetoka Machi, miezi miwili kabla. Mashine zilizokuwa hazijawekewa ndizo zilizofungiwa mafaili na kudaiwa fidia, hospitali za Uingereza zikiwemo.

Halafu kuna kifo cha polepole, ambacho ndicho watu wengi watakiona. Windows 7 ilikatwa Januari 2020. Chrome ikaendelea nayo hadi toleo la 109 mwanzoni mwa 2023, kisha ikaacha. Baada ya hapo tovuti moja ikaanza kugoma, kisha nyingine, mpaka mtu akasema "kompyuta imechoka" wakati kilichochoka ni programu.

Hatua ya kwanza: soma mashine yako

Usimuulize muuzaji. Iulize mashine.

Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika winver, piga Enter. Kidirisha kitatokea. Unatafuta maneno "Version 22H2", toleo la mwisho la Windows 10. Ukikuta 1909 au 20H2, maana yake mashine yako ilishaacha kupata apdeti miaka kadhaa iliyopita bila wewe kujua. Hili si jambo la nadra. Mafundi wenzangu wengi wakishapiga Windows huzima apdeti siku hiyo hiyo ili mteja asilalamike kwamba bando linaisha. Nakiri na mimi nilifanya hivyo zamani. Kwenye mashine ya namna hiyo, tarehe 14 Oktoba 2025 haikubadilisha chochote. Ulikuwa nje tangu mwanzo. Washa apdeti, tafuta Wi-Fi isiyo ya kupima kwa MB, iache usiku kucha ifike 22H2.

Baada ya hapo nenda "Settings", "System", "About", usome jina la prosesa. Namba ndiyo yenye habari zote. Ukiona i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya mstari ni 6: kizazi cha sita. i5-7300U ni cha saba. i5-8350U ni cha nane, umepona. Namba zikianza na 10 au 11, kama i5-10210U au i5-1135G7, hicho ni kizazi cha kumi au cha kumi na moja. Kibandiko cha "Core i5" kilichobandikwa pembeni ya kibodi hakikwambii kitu, maana kuna i5 za 2010 na i5 za juzi. Kwa AMD, zinazoruhusiwa kwa ujumla zinaanzia Ryzen za mfululizo wa 2000, ila si zote. Iangalie namba kamili kwenye orodha ya Microsoft.

Rudia Windows na R, andika tpm.msc. Tafuta "Specification Version". Ikiwa 2.0, vizuri. Ikiwa 1.2, au ukiambiwa hakuna TPM, usikate tamaa bado. Mara nyingi ipo lakini imezimwa kwenye BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine inayotangulia Windows kuwaka. Mwisho andika msinfo32, usome mistari miwili: "BIOS Mode" na "Secure Boot State". Andika majibu yote kwenye karatasi. Karatasi, si ndani ya laptopi hiyo hiyo.

Hatua ya pili: bakapu, tena mbili

Hapa sitarefusha, ila sitamsamehe anayeruka. Hamisha mafaili kwenye hadidiski ya nje, kisha nakala ya pili uiweke kwingine: hadidiski nyingine, au mtandaoni. Flashi peke yake si bakapu.

Watu hukumbuka picha na "Documents", wakasahau haya: folda ya data ya programu ya uhasibu, barua pepe za Outlook zilizohifadhiwa ndani ya mashine, nywila zilizomo kwenye kivinjari, na mafaili yaliyotupwa kwenye "Desktop" na "Downloads" miaka yote hiyo.

Halafu kuna BitLocker. Laptopi nyingi zilizotoka ofisini huwa na kufuli hii ya diski, na ukigusa mipangilio ya BIOS mashine inaweza kukuamkia ikidai ufunguo wa tarakimu 48. Kama huna, data imekwenda. Ingia "Control Panel", tafuta BitLocker. Ikiwa imewashwa, chapa ufunguo kwenye karatasi, kisha uisimamishe kwa "Suspend protection" kabla ya kuendelea.

Hatua ya tatu: nunua muda, pengine bila kutoa hata shilingi

Hii ndiyo hatua ambayo wengi hawaijui, na tangazo halijitahidi kuieleza. Microsoft ina mpango wa apdeti za ziada za usalama, unaitwa ESU, kwa mashine za watu binafsi. Unakupeleka hadi 13 Oktoba 2026, na unaweza kujiunga wakati wowote kabla ya siku hiyo. Njia za kujiunga ni tatu: kulipa dola 30 mara moja, kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards kama unazo, au kukubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft. Njia hiyo ya mwisho ni bure.

Masharti: mashine iwe 22H2, iwe imekamilisha apdeti zilizotangulia, na uingie kwa akaunti ya Microsoft yenye mamlaka ya msimamizi. Kompyuta zilizounganishwa na mtandao wa kusimamiwa wa ofisi haziingii mlango huu. Hizo zina mpango wake. Nenda "Settings", "Update & Security", "Windows Update". Humo utaona maneno "Enroll now". Bonyeza, fuata maelekezo, chagua kuhifadhi mipangilio. Usipoyaona maneno hayo, kamilisha apdeti zote, zima na kuwasha, urudi tena.

Mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni akaunti. Kwa wateja wangu, kikwazo kikubwa si Microsoft, ni yule kijana wa internet cafe aliyewafungulia akaunti miaka sita iliyopita kwa namba ya simu ambayo haipo tena. Usipoteze siku tatu kuifufua. Fungua mpya kwa namba yako mwenyewe, andika nywila kwenye daftari la nyumbani. La pili ni OneDrive. Nafasi ya bure ni GB 5 tu. Mfumo utakuomba uhifadhi na mafolda yako. Ukikubali yote, nafasi itajaa, kisha utaanza kusumbuliwa ununue zaidi, na bando nalo litaliwa kimyakimya. Hifadhi mipangilio, mafolda yazime.

Kujiunga kwako mara moja kunatosha mashine hadi 10 zinazotumia akaunti hiyo. Familia yenye laptopi tatu haina haja ya kulipa mara tatu.

Ndugu zetu walioko Ujerumani, Uholanzi au Ubelgiji wao wamepewa nafuu zaidi: baada ya vyama vya walaji kupiga kelele, Microsoft ililegeza masharti kwa nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya, hata kuhifadhi mipangilio si lazima. Sisi wengine tunatoa mipangilio yetu ndiyo tupewe viraka. Liite jina unalotaka.

Hatua ya nne: jaribu mlango halali wa Windows 11

Kama prosesa yako ni kizazi cha 8 au zaidi lakini mashine inakwambia haifai, mara nyingi tatizo liko kwenye BIOS. Zima, washa, na hapo hapo gonga kitufe cha kuingilia: F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Tafuta sehemu ya "Security". TPM kwa Intel inaweza kuitwa PTT, kwa AMD inaitwa fTPM. Iwashe. Washa na Secure Boot.

Ila simama kama karatasi yako ilionesha "BIOS Mode: Legacy", mtindo wa zamani wa kuwasha mashine. Ukibadili kwenda UEFI, mtindo mpya, moja kwa moja, Windows haitapanda. Diski inatakiwa ibadilishwe mpangilio kwanza, na Windows 10 ina chombo chake. Fungua "Command Prompt" kwa mamlaka ya msimamizi, andika:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Ikijibu kwamba imefaulu, ndipo uandike:

mbr2gpt /convert /allowFullOS

Baada ya hapo ndipo uingie BIOS na kuweka UEFI. Kama ukaguzi umegoma, usilazimishe, mpelekee fundi.

Kupanda Windows 11 kwa njia hii ni bure kwa mwenye Windows 10 halali. Ila faili lake ni zaidi ya GB 5, kwa hiyo usilianze kwa bando la siku.

Hatua ya tano: mlango ukifungwa

Hapa ndipo alipokuwa mama wa stationery, na kizazi chake cha sita. Njia ziko tatu.

Ya kwanza ni kuingiza Windows 11 kwa nguvu. Inawezekana. Programu kama Rufus hutengeneza flashi inayoruka ukaguzi wa TPM na prosesa, na kwenye mashine za kizazi cha 6 na 7 mara nyingi inakwenda vizuri. Microsoft imesema wazi kwamba mashine za namna hii hazina haki ya kudai apdeti. Kwa uzoefu, apdeti za kila mwezi zinaingia, lakini toleo jipya la mwaka haliji lenyewe. Inabidi ulibebe kwa flashi. Na tangu toleo la 24H2, prosesa za zamani sana kama Core 2 Duo haziwaki kabisa, maana zinakosa maagizo ambayo mfumo unayahitaji. Mimi mteja wa biashara simfanyii hivi bila kumweleza na yeye kukubali. Wapo wanaofanya kimyakimya na kuuza laptopi kama "Windows 11 original".

Ya pili ni Linux, mfumo mwingine wa bure unaokaa mahali pa Windows, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wanaiogopa bila kuionja. Chukua Linux Mint. Mfululizo wa 22 una apdeti hadi 2029, faili lake ni karibu GB 3, unahitaji rami ya GB 4 ili ufanye kazi kwa raha. Kwa mashine dhaifu chagua toleo jepesi la Xfce. Utamu wake ni kwamba unaweza kuijaribu bila kuiweka: iandike kwenye flashi ya GB 8 kwa Rufus, chomeka, washa mashine huku ukigonga kitufe cha kuchagua pa kuwakia, F9 kwa HP, F12 kwa Dell na ThinkPad. Itaamka kutoka kwenye flashi, Windows yako ikiwa haijaguswa.

Ikishaamka, usihangaike na kubadilisha picha ya ukutani. Pima haya: Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Kamera? Modemu unayotumia? Printa inachapa? Printa nyingi za HP na Epson zinakubali bila maneno. Canon zingine zina kiburi. Kama kazi yako ni kivinjari, barua, YouTube na mifumo ya serikali ya mtandaoni, umefika. Kama unatumia programu ya uhasibu ya Tally au mashine ya alama za vidole yenye programu ya Windows pekee, usihame. Utajuta wiki ya kwanza.

Kwa barua, LibreOffice, mbadala wa bure wa Word na Excel, inafungua mafaili ya Word, lakini CV yenye majedwali inaweza kuhama mistari. Sababu kubwa ni fonti. Weka Carlito na Caladea, ambazo zilitengenezwa kukaa nafasi ileile na Calibri na Cambria, na nusu ya malalamiko itaisha. Fomu za Excel zenye makro (amri za kujiendesha) ni kisa kingine; hizo zitafutie mashine yenye Excel.

Ya tatu ni kubaki na Windows 10 bila viraka na bila intaneti. Nayo ni njia. Kompyuta ya kuchezea kaswida na kuchapa matangazo ya msibani haihitaji mtandao. Lakini ikiwa hata flashi za wateja zinaingia humo, basi haiko peke yake. Na usiitumie kwa benki ya mtandaoni.

Kabla ya kuamua yoyote, tazama kama ndani bado kuna hadidiski ya kuzunguka. Ukiitoa na kuweka SSD, diski ya kasi isiyozunguka, laptopi hiyo hiyo utadhani umebadilishiwa. Pesa hizo zinaleta tofauti kubwa kuliko Windows yoyote.

Hatua ya sita: ukilazimika kununua

Ofisi za nje zinatupa mashine za kizazi cha 6 na 7 kwa wingi sasa, na nyingi zitashushwa kwetu. Bei itavutia. Ingia dukani ukiwa na namba kichwani: ThinkPad T480, Latitude 7490, EliteBook 840 G5. Hizo ndizo familia za kizazi cha 8, ila baadhi zilitoka na prosesa ya kizazi cha 7, kwa hiyo washa na usome mwenyewe. T470 na 840 G4 ziko upande wa pili wa ukuta, hata zikikuonesha Windows 11 ikiwaka.

Omba namba ya prosesa iandikwe kwenye risiti, si "laptop HP 1" tu. Muuzaji akisita kuiandika, umeshajua. Na risiti hiyo ndiyo itakayokusaidia ukiamua kulalamika: Tanzania kuna Tume ya Ushindani, FCC, Kenya kuna sheria ya kulinda walaji ya mwaka 2012. Bila maandishi utakuwa unasimulia hadithi.

Yule mama hakununua chochote. EliteBook tuliiunga kwenye ESU kwa njia ya bure, baada ya kupoteza saa nzima tukitafuta nywila ya akaunti ambayo hatimaye tuliiacha. Kompyuta yake nyingine ya mezani, Core 2 Duo aliyokuwa ameifunika kitambaa, iko kwenye Linux Mint Xfce, na mwanawe ndiye anayewachapia wanafunzi fomu humo. Printa ya Canon ndiyo iliyogoma. Ikabidi ihamie kwenye laptopi, na waya wake mfupi, kwa hiyo tulisogeza meza.